Mwito wa Tatu

Mara ya kwanza Mzee Asajile aliingia njia geu kwa kukosea. Mara ya pili aliingia makusudi, na mimi niliyekuwa mbele ya skrini na kipande cha chapati mkononi nilijua hivyo kabla hajamaliza mita hamsini.

Aliyepotea hushika breki, huwasha taa, hutangatanga kama mgeni anayetafuta choo kwenye nyumba ya watu. Huyu alikuja taratibu, amenyooka, na vioo vyote amevifunga ingawa jua lilikuwa kali. Ilikuwa saa nane na dakika thelathini na nne mchana. Mageti yalikuwa yameshashushwa, malori ya mwisho yalikuwa yametoka, na njia zote nne za katikati zilikuwa tupu kutoka mjini Mbeya hadi Songwe, zikisubiri kugeuzwa mwelekeo. Kila siku zinakuwa tupu hivyo kwa nusu saa. Alikuwa amejifunza ratiba yetu.

"Ipyana, simama hapo hapo," nilisema kwenye redio. "Nina mtu ameingia Lango la Sita."

Ipyana alikuwa dereva wa fagio, lile gari la njano linalopita peke yake kwenye njia tupu kuhakikisha hakuna gari, ng'ombe wala mtu aliyebaki, kabla hatujazifungua kwa upande wa pili.

"Mlevi?"

"Mzee."

"Mzee mlevi?"

"Simama, acha maneno."

Mezani kwangu taa ya kijani ikawaka: mwito wa kwanza. Pikapu ya mzee haikusimama. Ilipofika mita mia mbili ikawaka taa nyingine: mwito wa pili. Hapo ikasimama, ikakaa dakika tatu nzima. Nilimkuza kwenye kamera, nikamwona amevua kofia ameiweka kifuani, analia bila kujificha kwa vile aliamini yuko peke yake. Kisha akarudi kinyumenyume, akasukuma geti la mpira, akaondoka zake.

Kwenye kitabu cha zamu niliandika: dereva alipotea, ameitwa, amerudi. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili kuhusu nyumba ya mzee huyu. Wa kwanza nilikuwa nimeuandika miaka saba nyuma.

*

Wageni wakitembelea kituo chetu huuliza swali lile lile: kwa nini msiweke misumari tu? Tuliweka. Bibi yangu alikuwa akisimulia foleni za zamani, lori nyuma ya lori kutoka Uyole hadi Mbalizi, na kwa utani wake alisema mtoto alikuwa anazaliwa mwanzo wa foleni na kuota meno mwisho wake. Njia geu zilimaliza foleni hizo, zikaleta balaa jingine. Asubuhi njia nne za katikati zinaleta watu mjini, alasiri zile zile zinawatoa, na binadamu ni mtu wa mazoea. Aliyepita pale asubuhi mkono wake unampeleka pale pale jioni. Tena anayekwenda kinyume akishika kushoto kama alivyofundishwa, anakuwa ameshika njia ya wenye haraka wa upande wa pili. Misumari ilipindua gari la harusi. Tukajaribu kuzima injini kutoka kituoni, lori la mafuta likakosa breki mteremkoni. Ikapitishwa sheria kwamba gari halizimwi na mtu asiyekuwa ndani yake.

Ndipo ikaja Sauti. Iligundulika kwamba dereva aliyechanganyikiwa haoni bango wala hasikii king'ora, lakini akiitwa na mtu wa nyumbani kwake hugeuka. Hata mlevi hugeuka. Basi kila anayesajili gari huja na mtu wake mmoja, naye huacha miito mitatu kwenye mtambo. Wa kwanza husikika ndani ya gari mita hamsini baada ya lango, wa pili mita mia mbili, wa tatu mita mia nne. Lazima jina la dereva litajwe. Maneno ya mwito wa tatu mtu hujichagulia mwenyewe, chochote anachoamini kitamrudisha mwenzake. Ukipita mita mia nne pale Lango la Sita unakutana na kona ya mwamba, na baada ya kona hakuna tena wa kukuita.

Gari langu mwenyewe linaitwa na sauti ya Mamlaka ya barabara, yule mwanamke anayetangaza kama yuko stendi. Siku ya kulisajili sikuwa na wa kwenda naye. Nalisema hili mapema ili mnielewe kwa yaliyofuata.

Miaka saba iliyopita nilikuwa bado dawati la usajili. Mzee Asajile, fundi mstaafu wa mizani ya malori, alikuja na mkewe, mama mfupi wa kitenge cha zambarau, jina lake Subilaga. Nilimtoa mzee nje, ndivyo utaratibu ulivyo, nikamsogezea mama kipaza sauti.

"Taja jina lake, kisha mwambie asimame."

"Baba Tumpe, simama."

"Jina lake, mama. Lile la kwenye leseni."

Akanitazama kama nimemwambia avue nguo. "Wewe mtoto wa wapi?"

"Wa Tukuyu, mama."

"Basi unajua. Mume wangu amerithi jina la baba yake. Jina la mkwe wangu mimi nilitaje?"

Nilijua. Mama yangu mwenyewe alikuwa akizunguka maneno mazima ili asilikaribie jina la babu yangu, baba mkwe wake, maana kwetu mke halitamki. Miaka thelathini na nane huyu mama alikuwa amemwita mumewe Baba Tumpe, hata kwenye ugomvi, na kabla Tumpe hajazaliwa alikuwa akimwambia "wewe" tu. Lakini mtambo haujui adabu, na Baba Tumpe wako wangapi Mbeya hii? Nilimbembeleza. Nilimweleza habari za ajali, nikamwonyesha hadi picha ambazo sikutakiwa kumwonyesha mtu. Mwisho akajifunika kitenge uso mzima kama bi harusi, na kutoka humo ndani nikasikia sauti ndogo.

"Asajile, simama. Umeshika njia isiyo yako."

Wa pili ukatoka kwa nguvu zaidi. "Asajile! Geuka, mume wangu."

Nikangoja wa tatu. Akafunua uso, jasho linamtiririka. "Imetosha."

"Bado mmoja, mama."

"Wa tatu wa nini? Nikimwita mara mbili kwa jina lake asigeuke, huyo hatakuwa mume wangu. Mwacheni aende." Akasimama, akaninyooshea kidole. "Na asije akaambiwa kwamba nimelitaja."

Ningeweza kumkatalia, maana fomu ilitaka miito mitatu. Lakini nilikuwa nimeshamvunjia heshima aliyoitunza miaka yote ile kwa dakika kumi tu za ubishi wangu, na niliona aibu. Nikaandika: miito mitatu, kamili.

*

Baada ya kumwona akilia kwenye kamera, nilikwenda kwa Mzee Asajile Jumamosi bila sare. Anakaa Iwambi, nyumba ya matofali ya kuchoma, na uani kuna mizani kubwa ya mshale aliyoiokoa ilipotupwa kazini kwake. Majirani huja kupima viazi bure. Alinipa kiti, yeye mwenyewe akakaa juu ya mizani, na mshale ukapanda hadi kilo hamsini na mbili.

"Kabla ya msiba nilikuwa sabini na moja," alisema alipoona natazama. "Usijali, haidanganyi. Naisahihisha mwenyewe."

"Pole sana, baba. Mama alifariki lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Na hukuja kutoa taarifa. Sauti ya marehemu inatakiwa kufutwa siku ya arobaini."

"Ndiyo maana sikuja, mwanangu."

Hakukana chochote. Aliniambia kwamba siku ile ya kwanza alikuwa anatoka makaburini, macho yamejaa, akapita lango bila kuliona. "Mara naitwa. Jina langu! Binti, nimeishi na yule mwanamke miaka arobaini na tano, sijawahi kulisikia jina langu kinywani mwake. Nilidhani nimekufa nimemfuata." Alicheka, na kicheko kikamwishia njiani. "Tena amelitaja vizuri. Watu hulikata mwishoni. Yeye amelifikisha lote."

Nilimtazama, nikasahau karipio nililokuwa nimeliandaa tangu nyumbani. Nilimwonea huruma, na nitasema ukweli, nilimwonea wivu pia. Mimi jina langu hutajwa na redio ya kazini.

"Baba, utaua mtu. Umeshamsikia mara ya kwanza, umemsikia na ya pili. Unataka nini zaidi?"

"Kuna wa tatu." Aliinama kunisogelea na mshale wa mizani ukayumba. "Wanasema wa tatu ndio mtu anasema la moyoni. Wewe ndiye uliyetusajili, nakukumbuka. Ulikuwa naye chumbani. Niambie alisema nini, na nakuapia sitaingia tena."

Hapo ndipo niliposhindwa. Maneno ya kwenye mtambo hayatolewi kwa yeyote, na anayeyatoa hafanyi kazi tena pale. Lakini sheria ilikuwa kisingizio tu. Nikimwambia kwamba hakuna wa tatu, ninamnyang'anya kitu pekee anachokiamkia asubuhi, na hapo hapo ninaitaja fomu yangu ya uongo. Nikinyamaza, atakwenda kuutafuta. Ningeweza kumtungia maneno matamu papo hapo, akayashika, akalala usingizi. Ila yule mama hakuwa mtu wa maneno matamu, na mumewe angejua mara moja kwamba ni mimi ninayesema.

"Utaratibu hauruhusu, baba," nilisema. Nilikuwa mwoga, hakuna jina jingine.

Aliitikia kwa kichwa bila hasira. "Haya. Basi nitamuuliza mwenyewe."

Wiki iliyofuata nilifungua faili lake mara tatu kwenye mtambo, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta. Kufuta ndiyo ilikuwa kazi yangu. Lakini nilimfikiria akiingia Lango la Sita, anasubiri kuitwa, na anayemwita ni yule mwanamke wa stendi. Asingesimama kwa ajili yake. Angeendelea mbele kumtafuta Subilaga hadi kwenye mwamba. Kila mara nililifunga faili, nikajiambia kesho nitajua la kufanya.

*

Alhamisi, saa nane na dakika thelathini na sita, Ipyana akaniita kwenye redio.

"Sekela, nimepisha gari la wagonjwa. Lina kichanga kwenye mashine, kinawahi ndege pale Songwe. Nimewaruhusu watangulie."

Hiyo inakubalika. Njia tupu ni zawadi kwa mtu mwenye mgonjwa. Nikaliona kwenye skrini, jeupe, limeshika njia ya kulia, mwendo mia na kumi, linateremka kuelekea kona ya mwamba. Na kabla sijameza mate, taa ya kijani ikawaka Lango la Sita.

Niliwaita wa gari la wagonjwa, nikawaambia wapunguze na washike kushoto kabisa. Dereva alijibu kwamba muuguzi ameishika mashine kwa mikono, na yeye akikanyaga breki kwa nguvu pale mteremkoni kila kitu kitaanguka, atapunguza anavyoweza. Alihama njia. Lakini pale konani mtu hamwoni mwenzake mpaka wakiwa mita sitini, na mzee wa miaka sabini akishtuka, ni Mungu tu anayejua ataukata usukani upande gani.

Taa ya pili ikawaka. Asajile! Geuka, mume wangu. Sikuwa nikiisikia, chumba cha kuongozea magari hakisikii miito, lakini niliijua. Pikapu haikusimama.

Mita mia tatu. Mia tatu na hamsini. Mia nne.

Taa ya tatu haikuwaka, na katika watu wote wa dunia hii ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini. Pikapu ikapunguza mwendo ikaenda pole pole, kama linavyokwenda gari la mtu aliyetega sikio. Mita mia nne na ishirini. Alidhani bado hajafika. Mia nne na arobaini. Alikuwa anamtafuta mbele.

Msimamizi haruhusiwi kuongea ndani ya gari la mtu. Mwaka wa kwanza wa Sauti mwenzetu mmoja aliongea, na dereva aliposikia mwanaume asiyemjua ndani ya gari lake alifungua mlango akaruka. Nilifikiria hilo. Kisha nikavunja kifuniko cha kitufe cha kuongea na dereva, nikabonyeza.

"Baba Tumpe! Ni Sekela, wa usajili. Hakuna wa tatu, baba. Mama alikataa kuusema. Alisema, nikimwita mara mbili kwa jina lake asigeuke, huyo hatakuwa mume wangu. Ndivyo alivyosema, nilikuwepo. Ameshakuita mara mbili, baba. Ameshakuita!"

Nilisikia injini yake, na pumzi zake. Kisha taa nyekundu za breki zikawaka, pikapu ikajivuta pembeni, ikajibana kwenye mwamba mpaka kioo cha pembeni kikavunjika. Gari la wagonjwa likatokea konani, likapita upande wa pili wa barabara, likaenda zake.

"Kweli hayo ni maneno yake," alisema mzee ndani ya spika, taratibu. "Huyo ni yeye kabisa."

Akageuza pikapu pale pale, njia ilikuwa pana, akaondoka kwa mwelekeo ulio sahihi.

*

Mkuu wetu wa kituo, Bi. Kokugonza, alinisomea makosa matatu: kuongea ndani ya gari, kutoa maneno ya mtambo, na kuandika fomu ya uongo. Nilikubali yote. Hakunifukuza, kwa vile kichanga kiliwahi ndege, lakini meza yangu alipewa Ipyana na mimi nikapewa fagio. Ipyana sasa ananiita kwenye redio, "Dereva, acha maneno," na anafurahi kupita kiasi.

Mzee Asajile aliitwa aje kushuhudia sauti ikifutwa. Nilimkuta kwenye benchi la nje ya usajili, kofia magotini.

"Wameniuliza kama nataka kuisikia mara ya mwisho," alisema. "Nimekataa. Nimeitwa mara mbili, imetosha." Akaigeuza kofia. "Lakini wewe ulikuwepo. Alipokuwa analitaja, alikuwaje?"

Safari hii sikujificha nyuma ya utaratibu. Nilimweleza habari za kitenge cha zambarau alivyojifunika uso wote, sauti ndogo, jasho, kidole alichoninyooshea, na kwamba alisema mume wake asije akaambiwa. Mzee alisikiliza amefumba macho.

"Miaka yote ile," alisema, "na bado alikuwa ananionea haya." Alitabasamu kama kijana aliyepelekewa barua. Kisha machozi yakamtoka na hakuyafuta, na mimi nikalia naye, watu wakipita na namba zao za gari mkononi.

Pikapu yake sasa inaitwa na binti yake, Tumpe, aliyesafiri kutoka Iringa akalitaja jina la baba yake huku akiomba msamaha kila mwito. Siku ile walipomaliza, mzee alinigeukia.

"Na wewe gari lako linaitwa na nani?"

"Na Mamlaka, baba."

"Yule wa stendi?" Akaguna kwa dharau, akanishika mkono akaniongoza ndani hadi dawatini. "Huyu binti hana mtu wa kumwita. Niandikeni mimi."

Nilitolewa nje, utaratibu ndivyo ulivyo. Nilisimama nyuma ya kioo nikamwona akivua kofia mbele ya kipaza sauti. Mwito wa kwanza ulikuwa mfupi. Wa pili ulikuwa mfupi. Kwa mwito wa tatu alikaa sawasawa kitini, akaanza kuongea, na akaongea muda mrefu, akichezesha mkono kama baba anayemwambia jambo mtoto wake wakiwa mezani. Karani alipangusa macho. Nilijaribu kuyasoma maneno kwenye midomo yake, nikashindwa.

Kila siku saa nane na nusu napita na fagio kwenye njia tupu. Jioni nikirudi na gari langu napita mbele ya Lango la Sita, na ziko siku mkono wangu unauvuta usukani kidogo, kidogo sana, kuelekea kule. Ninaushika. Sijui aliniambia nini, na nikiendesha vizuri maisha yangu yote sitajua.